Ombi la Kuanuliwa Matanga ya Marehemu Baba Yangu

Kibanja cha Marehemu Mushumbusi,
Njia ya Muleba, karibu na Nshamba.
Jumamosi, 12 Machi 1949.

Kwa Bwana Shauri, Mkuu wa Wilaya.

Mheshimiwa Bwana,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na Memsahib mna afya, na kwamba barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu. Mimi ni Aristides Mushumbusi, karani wa mizani kwa mnunuzi mmoja wa kahawa mjini Bukoba. Ni Mkatoliki, mlipa kodi, nimesoma mpaka darasa la nane, na sijawahi kuisumbua serikali isipokuwa mara moja tu kuhusu daraja. Leo naisumbua kuhusu neno. Nia yangu ni moja, nayo ni kwamba mama yangu mzazi, Bibi Klaudia, apate kupumzika.

Neno lenyewe ni la kwako, Bwana. Pengine hulikumbuki, kwa kuwa kwenu ni neno la kila siku. Mwaka jana, mwezi wa sita, siku ya tatu ya msiba wa baba yangu, motokaa yako ilichemka mbele ya nyumba yetu. Ulishuka pamoja na mkalimani wako, Bwana Mustapha, mkaja kuomba maji. Mlitukuta watu zaidi ya hamsini tumeketi juu ya nyasi, wanawake wakilia na wanaume wakitafuna kahawa. Kwa adabu yetu tulisimama wote tukanyamaza. Wewe kwa adabu yako ulivua kofia, ukatutazama, uso ukakuiva, ukasema, "Carry on." Mustapha akatufasiria kwamba umesema tuendelee. Ulipoona bado tumesimama, ukarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Please, carry on." Maji yakaletwa, motokaa ikanywa, mkaenda zenu Biharamulo.

Sisi tumeendelea. Huu ni mwezi wa tisa tangu siku ile.

Usije ukadhani kwamba hatukuelewa. Tulielewa vizuri sana, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia. Tulikuwa tumepanga kuanua matanga kesho yake, siku ya nne. Mwenye mdomo wa kuyaanua ni Mzee Kashaija, kaka mkubwa wa marehemu. Kulipokucha siku hiyo, watu walikuwa wamekwisha kunja mikeka, wanamngoja Mzee aseme. Hakusema. Aliulizwa kulikoni, akajibu hivi: "Waitu, ndugu zangu, mkubwa amesema endeleeni. Mdogo ana mdomo gani wa kusema basi?" Kisha akatusimulia habari za babu yake, ambaye Mukama mmoja wa zamani, mfalme wetu, alimpa mkuki akamwambia, shika. Mukama akaingia ndani kula, akaugua humo humo, akafa. Babu aliushika mkuki ule miaka minne. Alioa akiwa ameushika, na mtoto wa kwanza alimpakata kwa mkono mmoja. Mzee Kashaija alipomaliza kusimulia, watu wakaikunjua mikeka.

Mimi kama msomi sikukubali upesi. Niliazima kamusi kwa padri, nikawaletea wazee ndugu wote wa neno lako, nikitarajia kwamba mmoja wao angekuwa na mpaka. Nikawasomea "go on". Wakauliza ni la namna gani, nikawaambia Mwingereza humwambia hivyo mtu anayesimulia jambo ambalo yeye haliamini, ili aone ataishia wapi. Nikawasomea "keep on", ambalo huambiwa mtu anayepiga makasia huku mwambiaji amekaa nyuma. Nikawasomea "continue", ambalo ni la kwenye makaratasi, na "proceed", ambalo ni la hakimu akishachoka kusikiliza. Kwa kila neno Mzee Kashaija aliniuliza swali lile lile: je, hili lina mwisho ndani yake? Nilipekua kamusi mbele yao jua likiniwakia. Hakuna hata moja lililokuwa na mwisho ndani yake. Wazee wakaamua kwamba ndugu hao wote ni wa tumbo moja, na kwamba lile la Bwana Shauri ndilo kifungua mimba.

Nikaomba aitwe shahidi. Mustapha alikuja kutoka Bukoba siku yake ya mapumziko. Yule ni mtu wa mjini, babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake hupigwa pasi kabla hakijatoka nje. Akasema: "Wazee wangu, shikamooni. Mimi nimewatumikia Wazungu miaka kumi na minne. Neno hili nimelisikia wakiambiwa wapasua mawe barabarani. Nimelisikia wakiambiwa wanafunzi, mkaguzi alipoingia katikati ya hesabu. Waliambiwa wacheza mpira waliokuwa wakipigana, na siku moja waliambiwa watu waliokuwa wakimwagia maji ghala linaloungua. Kila mara aliyelisema alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye motokaa. Sijamwona aliyerudi kuwaambia watu sasa acheni." Wazee wakamshukuru kwa ukweli wake, wakampa mahali pa kukaa. Alikaa siku mbili, akaniambia wakati wa kuondoka kwamba hajapata kupumzika namna ile tangu aajiriwe.

Mwezi wa nane niliandika barua kwako kwa njia ya kawaida. Nilijibiwa na karani wako, kwa mashine na kwa mhuri, kwamba barua yangu imepokelewa, itapelekwa mbele, "and in the meantime, please carry on," yaani kwa sasa tuendelee. Naapa kwa Bikira Maria sikutaka kuisoma mbele ya watu, ila Mzee Kashaija aliuona mhuri. Sasa jibu hilo limefungwa ukutani kwa kioo, chini kidogo ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Bwana, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Ndizi. Kibanja chetu cha migomba kilitosha watu wawili wenye meno machache. Sasa kila jirani huleta mkungu kama rambirambi, kisha hukaa akaula. Hapo nisingelalamika, lakini wapo wanaume kumi na mmoja waliotoka Izimbya wakasema walikuwa marafiki wa baba. Niliwauliza baba yupi. Wakasema huyu aliyefariki.

2. Jembe. Kwa desturi yetu, maiti ikiwa bado inaliliwa, jembe haligusi ardhi. Mwanzoni tuliacha kulima sisi wenye msiba, kisha majirani, kisha kijiji chote, maana hakuna anayetaka kuonekana ana haraka kuliko wenzake. Nyasi zimepanda mpaka kwenye matawi ya kahawa. Mwezi wa tisa alikuja msimamizi wa kilimo, Bwana Hamidi, akiwa na daftari la kuandika wavivu. Alikuwa mkali sana. Akaonyeshwa ile barua ukutani, akaisoma mara mbili, akaketi ili aandike taarifa yake. Hajainuka mpaka leo. Amepewa usimamizi wa kuni, na niseme haki, analia vizuri kuliko binamu zangu wengi.

3. Sifa za marehemu. Hili linaniuma. Baba yangu alikuwa mtu mpole aliyependa kahawa yake, mke wake, na kukaa kimya, kwa mpangilio ambao sikuwahi kuujua. Mambo mema aliyoyafanya yalisimuliwa yote yakaisha kabla ya mwezi wa saba kwisha. Watu wakaona haya kurudia, wakaanza kuongeza. Mwezi wa nane baba aliua chui. Mwezi wa kumi aliwaua wawili, kwa mpini wa jembe, huku amembeba mgonjwa. Baba alikuwa anaogopa mbuzi, Bwana. Sifa zake zilipokwisha kabisa walianza kuwalilia wafu wengine, na walipokwisha hao wakamlilia mzee mmoja wa Nshamba aliyekuwa ameketi nao pale pale, ambaye alifurahi, akawasahihisha jina la mama yake. Nikija Jumamosi nawasikia wakimlilia mtu ambaye mimi mwanawe simfahamu, na nashindwa kumlilia.

4. Vizazi. Fundi baiskeli mmoja na binti wa jirani walipatana wakiteka maji ya msiba. Harusi haiwezi kufanywa kwenye matanga, kwa hiyo walivaa vizuri, wakapita katikati yetu wakilia, tukahesabu kwamba imetosha. Mwezi wa kwanza mwanamke mwingine alijifungua mtoto jikoni, na bibi wa mtoto akamwita Kerioni, kwa neno lako. Padri alikataa kumbatiza kwa jina hilo kwa kuwa hakuna mtakatifu anayeitwa hivyo. Bibi akamjibu kwamba lazima awepo wa kwanza.

5. Serikali yako yenyewe. Mukungu wetu, mkuu wa kijiji, ameleta kesi zake hapa, kwa maana mdai, mdaiwa na mashahidi wote wako hapa na hawaruhusiwi kuondoka. Bibi mmoja wa mjini, Shamsa, amefungua chai na chapati kwenye ua wetu. Malori yanayotoka Bukoba husimama, na utingo huita, "Matangani, wa Matangani washuke." Mimi mwenyewe hushuka nikiitwa hivyo. Mwezi uliopita walipita wapima ardhi wakauliza jina la mahali hapa, wakaambiwa, wakaandika. Kwa hiyo katika ramani mpya, Bwana, kati ya Nshamba na Muleba kuna mji mdogo unaoitwa Matanga, na chini yake wamechora alama ya soko. Baba yangu maisha yake yote hakuwahi kwenda Bukoba zaidi ya mara mbili. Leo kifo chake ni kituo.

6. Mama yangu. Nimemweka mwisho kwa sababu yeye ndiye mwanzo wa barua hii. Ana umri wa miaka sitini na kitu. Kama mjane inampasa kuketi mahali pake, kumpokea kila anayefika, kumshika mikono, na kumsimulia upya jinsi marehemu alivyougua, alivyoomba maji, alivyosema kwamba kahawa ya upande wa chini isichumwe ikiwa mbichi. Amesimulia hayo kwa muda wa miezi tisa. Hana saa ya kulala mchana. Usiku wanawake wamelala kila upande wake, wakizungumza. Jumamosi iliyopita nilimkuta anacheka peke yake katikati ya watu, akijifuta macho, nikaelewa kwamba uchovu umeanza kumpanda kichwani. Mimi ni mwanawe wa pekee wa kiume, na dada zangu wameolewa mbali. Naja Jumamosi kwa lori, naondoka Jumatatu alfajiri, na katikati ya wiki nikipima magunia mawazo yangu yote yako kwake. Mtu aliyefiwa apewe angalau nafasi ya kuwa peke yake. Hilo tu ndilo naliomba.

Najua utajiuliza kwa nini sisi wenyewe tusiinuke tukaenda zetu. Nimekwisha kueleza, ila nirudie kwa heshima. Serikali imetufundisha miaka mingi kwamba neno lake si la kuchezea. Tuliambiwa tuchimbe mtaro, tukachimba, na ulipofurika tuliambiwa tusiuguse. Tuliambiwa tupande miti, na mwaka uliofuata akaja Bwana mwingine akauliza nani aliyepanda miti hii. Watu waliolelewa hivyo hawawezi kuambiwa waendelee, wakaacha kwa akili zao. Nguvu iliyolifunga jambo hili ni moja tu duniani, na ni hiyo hiyo inayoweza kulifungua. Mzee Kashaija amesema, na wazee wote wameafiki, kwamba hata yeye akitaka kuinuka miguu yake haitakubali mpaka asikie sauti yako.

Kwa hiyo naomba mambo mawili.

La kwanza, uje mwenyewe, au ikishindikana utume neno la kukomesha, kwa mashine, lenye mhuri usiokuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Nimechagua baadhi kwenye kamusi ili kukupunguzia kazi. Lipo "stop", ila wazee wanaliona fupi mno kwa msiba wa miezi tisa. Lipo "that will do", yaani imetosha, ambalo Mustapha asema huambiwa mpishi. Kama lipo moja zito zaidi ambalo Waingereza hulitumia wao kwa wao wanapotaka watu waende makwao, tafadhali litume hilo.

La pili, itolewe amri kwa maofisa wote kwamba asiwepo atakayewaambia watu "carry on" ila yule aliye tayari kuvua kofia, kuweka mkoba wake chini na kuendelea pamoja nao. Ofisa akikuta watu wanapasua mawe, apasue. Akikuta msiba, aulizwe kama amekuja na mkeka. Naamini neno hili litapungua matumizi yake ndani ya mwezi mmoja.

Nakusihi kwa ajili ya mama yangu, ambaye kila siku inayopita bila jibu lako inamla. Mimi nimekwisha kuandaa kila kitu. Nyumba itafagiwa, mikeka itarudishwa kwa wenyewe, na yeye atakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu alipozikwa mumewe.

Msalimie Memsahib. Msalimie karani wako, simwekei kinyongo. Msalimie Mustapha, umwambie mahali pake hapajakaliwa na mtu. Wazee wote wa hapa wanakusalimu, Bwana Hamidi anakusalimu na kusema taarifa yake iko karibu, na mtoto Kerioni angekusalimu kama angejua.

Ni mimi, ninayengoja kwa utii,
Aristides Mushumbusi.

Nyongeza. Jumapili, saa kumi.

Bwana, barua hii ilikuwa imekwisha tiwa katika bahasha. Nimeifungua kwa sababu imenilazimu.

Leo baada ya misa alikuja Immakulata, mke wa Mzee Kashaija, ambaye hakumwona mumewe nyumbani tangu mwezi wa sita. Hakuketi, wala hakulia. Alisimama mlangoni akasema, "Kashaija, paa linavuja." Mzee akaitazama miguu yake kitambo. Kisha akainuka, akayasema maneno ya kuanua matanga, yote, bila kukosea hata moja, akachukua fimbo yake akamfuata mkewe. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama Bwana Shauri ameruhusu. Ilipofika saa sita hapakuwa na mtu. Bwana Hamidi ameondoka na daftari lake, Shamsa na birika lake, na wale kumi na mmoja wa Izimbya wamenishika mkono wakaniambia nijitahidi kuwa kama marehemu.

Nilifurahi kwa muda wa saa moja hivi. Nilifagia, nikamtandikia mama mkeka kivulini, nikamwambia alale. Hakulala. Aliinjika chungu kile kikubwa cha msiba, akaanza kumenya ndizi. Nikamwambia, mama, tumebaki wawili. Akasema anajua. Aliendelea kumenya mpaka akakijaza, ndipo akaketi chini, akalia. Bwana, nimesikia kilio katika nyumba hii miezi tisa, na sikuwa nimekisikia cha kwake. Muda wote huo alikuwa akiwabembeleza wengine. Nilimwuliza siku ile alikuwa anacheka nini. Akaniambia walikuwa wamefika kwenye chui wa tatu, na yeye alikuwa akimfikiria baba, jinsi alivyopanda juu ya kitanda siku mbuzi wa jirani alipoingia ndani.

Kisha akaniuliza lori la kesho linapita saa ngapi. Nikamwambia. Akasema vizuri, usichelewe kazini.

Naona aibu. Nimekuandikia kurasa zote hizi juu ya uchovu wa mama yangu, na sikumwuliza hata siku moja kama amechoka. Tafadhali usilitume lile neno la kukomesha, na maombi yangu yote mawili uyachane. Nimemwandikia tajiri wangu kwamba kesho sitafika, na keshokutwa sijui. Lakini mimi ni mtu mmoja, na chungu ni kikubwa, na mama amekataa kukibadilisha. Kama serikali ina watu kumi hivi ambao haijui iwapeleke wapi, itushushie hapa Matangani, wakiwa na njaa. Si lazima wawe walimjua baba, mama atawasimulia.

A. M.